Kupima Macho Ni Kazi ya Kusomea

Kijana anayemaliza kidato cha sita na fizikia, kemia na baiolojia husikia majina yaleyale nyumbani: udaktari, ufamasia, uhandisi. Optometria, yaani taaluma ya kupima macho, haitajwi, na ikitajwa, wazazi huuliza kwa nini mtoto wao akae chuo kikuu miaka yote hiyo ili aje kuuza miwani. Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu ada ni fedha ya jasho la familia. Jibu letu ni kwamba miwani huja mwishoni mwa kazi, na pengine haiji kabisa. Kazi yenyewe ni kutambua jicho linalohitaji lenzi tu, na jicho linalougua huku mwenye nalo hana habari.

Kutambua huko ni kugumu kwa sababu magonjwa hujificha nyuma ya lalamiko moja, "sioni vizuri". Mwenye kisukari ambaye sukari yake inapanda na kushuka anaweza kupimwa leo, akanunua miwani, na baada ya wiki chache akaona haimfai. Lenzi haikukosewa, sukari ndiyo iliyobadilisha jicho. Mzee anayewaambia wajukuu kwa furaha kwamba siku hizi anasoma bila miwani huenda ana mtoto wa jicho anayeanza, kwani lenzi ya ndani inapokuwa nzito humrudishia kwa muda uwezo wa kuona karibu. Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu yoyote. Mgonjwa anaweza kusoma mstari wa chini kabisa wa chati ilhali mshipa wa fahamu wa jicho umeshaanza kufa, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Asiyejua kutazama nyuma ya jicho atamwambia mtu huyu kwamba yuko salama. Ndiyo maana mwanafunzi wa optometria husoma fizikia ya mwanga pamoja na anatomia, dawa na magonjwa ya mwili mzima, kisha akapima wagonjwa chini ya uangalizi.

Wapo wanaosema mashine na simu zitaifuta kazi hii. Ushahidi unaonyesha vingine. Katika utafiti uliofanyika Trans Nzoia, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018, walimu walipima uoni wa wanafunzi kwa simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe. Miongoni mwa watoto waliogunduliwa na tatizo, asilimia 54 walifika hospitali, dhidi ya asilimia 22 katika shule zilizotumia njia ya kawaida. Ni mafanikio makubwa. Lakini simu iliwafikisha watoto mlangoni, na ndani alihitajika mtu wa kuwapokea. Mashine inayotoa namba za lenzi nayo ina udhaifu wake kwa watoto. Mtoto hukaza jicho anapochungulia ndani yake, na mashine ikasoma kwamba haoni mbali wakati huenda tatizo ni kinyume chake. Mtaalamu hulegeza misuli ya jicho kwa dawa ya matone, akammulika mtoto kwa retinoskopu na kusoma mwendo wa mwanga kwenye mboni. Mkono huo haupatikani kwa semina ya siku mbili.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wanaosema mafunzo mafupi yanatosha. Kwa miwani ya kusomea ya watu waliopita miaka 40, wana haki kwa kiasi kikubwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa uoni, na bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuilika au lilikuwa linangoja huduma. Idadi hiyo haitafikiwa na wenye shahada peke yao. Miwani hiyo rahisi pia ina faida kubwa: wachuma chai wa Assam, India, walipopewa, ongezeko la tija yao lilizidi lile la wenzao wasiopewa kwa karibu asilimia 22. Basi wahudumu wa afya wafundishwe kuitoa. Lakini kila mhudumu atakutana na jicho ambalo miwani hailisaidii, na rufaa yake inahitaji pa kwenda. Kumpelekea daktari bingwa wa upasuaji kila mmoja wa hao ni kumwondoa kwenye chumba cha upasuaji, ambako hakuna wa kumbadili.

Mafunzo yapo karibu: KCMC mjini Moshi, Makerere huko Uganda, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega. Hatutaficha kwamba cheti hakimhakikishii mtu ajira, na kwamba mhitimu aliyepangiwa kituo kisicho na vifaa hubaki na ujuzi asioweza kuutumia. Hilo ni deni la waajiri. Anayeomba nafasi nchini Tanzania athibitishe kwanza kuwa programu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Optometria. Kisha aulize chuo swali ambalo waombaji wengi hulisahau: kabla ya kuhitimu, nitapima macho ya wagonjwa wangapi kwa mikono yangu mwenyewe, na nani atakuwa amesimama nyuma yangu?