Somo la Baskeli ya Kuuzia Kahawa

Ndugu Wanachama,

Twapenda kulileta katika ukurasa huu jambo lililozua maneno mengi katika mkutano wetu uliopita. Vijana wetu wanataka chama kitoe fedha katika akiba, kinunue baskeli ya miguu mitatu yenye mashine ya kahawa, wapate kuuza gatini na sokoni katika miezi isiyokuwa na mchumo. Mzee mmoja aliwajibu kwa mithali: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu wakacheka, na mkutano ukafungwa bila ya shauri.

Shauri hilo litarudi mbele yenu katika mkutano ujao. Akiba hiyo ndiyo inayotununulia majamvi ya kuanikia karafuu, na kila mwenye shamba anajua kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka wa pili huenda ukapumzika. Basi kabla hatujainua mikono, yafaa tukijue kitu chenyewe.

Kahawa ya kutembezwa si jambo geni kwetu. Tangu zamani muuza kahawa hupita mitaani na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili walioko barazani wasikie. Kahawa njema imejitembeza miaka yote na haikupata aibu. Lililo jipya ni pedeli, na pedeli hizi hutumika kwa namna mbili ambazo hatuna budi kuzitenganisha.

Namna ya kwanza ni miguu kuchukua mzigo tu. Mjini Jakarta, katika Indonesia, nchi itumiayo karafuu nyingi kuliko zote duniani kwa ajili ya sigara zake za kretek, wako wauzaji wanaozunguka na baskeli za kawaida. Wamefunga juu yake chupa za chai zenye maji ya moto, na vipakiti vya kahawa ya kiwandani vinaning'inia mbele. Mnunuzi akiita, kipakiti hukatwa, maji yakamiminwa, na kazi imekwisha. Watu huwaita kwa mzaha starling, jina lililoungwa kutokana na Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, na neno la kwao keliling, yaani kuzunguka. Mtaji wao ni mdogo, lakini kahawa yao haina upya wowote.

Namna ya pili ni miguu kuchukua mzigo na kusaga pia. Mfano wake ni Velopresso, iliyobuniwa London na Amos Field Reid na Lasse Oiva mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ni baskeli ya miguu mitatu, mfano wa yale wanayoyaita guta kule Dar es Salaam. Haina mota wala umeme. Kazi yake huenda hivi:

1. Muuzaji huiendesha mpaka mahali pa kuuzia, akaisimamisha.

2. Hukanyaga pedeli zilezile, nazo huzungusha kinu, buni ikasagika mbele ya macho ya mnunuzi.

3. Maji huchemshwa kwa moto wa gesi, wala si kwa miguu.

4. Huvuta mkono wa mashine chini, springi ikajibana. Springi ikijinyoosha husukuma maji ya moto kwa nguvu kupita katika kahawa iliyosagwa. Mashine za springi kama hizi zilianzishwa Italia na Achille Gaggia katika miaka ya 1940.

Huenda mwanachama akauliza: Ikiwa miguu inaweza kusaga, kwa nini isichemshe na maji, tukaokoa gesi? Hapa pana hesabu nzuri. Mtu mwenye afya akikanyaga pedeli kwa mwendo wa kadiri hutoa nguvu kama wati 100, sawa na ile iliyokuwa ikiwasha balbu moja ya kizamani. Kuyapandisha maji lita moja kutoka joto la 25 hadi 95 kwa nguvu hiyo kungetaka dakika 50 hivi, na hapo tumechukulia kwamba hakuna joto lililopotea njiani. Lakini kusaga buni ya kikombe kimoja hakufiki dakika moja. Waliobuni chombo hiki waliipa miguu kazi inayoiweza, na moto wakauachia kazi yake.

Na kwa nini wajisumbue kusaga palepale? Sisi wenye karafuu twaweza kulijibu hili kuliko wengine. Karafuu kavu iliyo nzima ina mafuta ya kiasi cha sehemu 15 hadi 20 katika kila 100 za uzito wake, na mafuta hayo ndiyo harufu na ndiyo thamani. Ikikaa nzima, huyahifadhi muda mrefu. Ikisagwa, harufu huanza kukimbia siku ileile. Buni iliyokaangwa nayo ni vivyo hivyo: nzima hustahimili siku nyingi ikifungwa vizuri, lakini ikishakuwa unga upya wake huondoka upesi. Kwa hiyo mnunuzi wa London halipii magurudumu. Analipia harufu iliyotoka kinuni sasa hivi.

Sasa tuje kwenye fedha. Bei tunazozitaja hapa ni za mfano tu, ili mwone njia ya hesabu. Tuseme baskeli na vyombo vyake ni shilingi 3,000,000. Tuseme kila kikombe, baada ya kutoa buni, sukari na moto, kinabakiza shilingi 200, na kwa siku twauza vikombe 60. Hiyo ni shilingi 12,000 kwa siku, na baskeli italipa gharama yake kwa siku 250. Hapo vijana watapiga makofi. Lakini anayekanyaga naye ana watoto. Tukimpa shilingi 7,000 kwa siku, chama kinabaki na 5,000, na siku 250 zinakuwa 600. Tena hatujatoa siku za mvua ya masika, wala siku ambazo mnyororo umekatika na fundi hayupo.

Rai yetu ni hii. Tusiagize mashine ya ng'ambo, ambayo springi yake ikivunjika itatubidi kuisubiri kwa meli. Lakini tusilitupe wazo la vijana, kwani ndani yake mna ukweli mmoja: watu watakuja kwa kahawa inayosagwa mbele yao. Tujaribu kwa miezi mitatu kwa guta la kukodi, kinu cha mkono, jiko la makaa na dele. Kilo moja ya buni ya Bukoba au ya Kilimanjaro, kwa gramu 8 za kila kikombe, hutoa vikombe 120 hivi, basi hasara ya majaribio itakuwa ndogo. Na kabla ya yote, tumwendee mzee anayeuza kahawa pale gatini, tumwombe awe mwalimu na mshirika wetu. Kumnyang'anya riziki yake kwa fedha za chama si jambo la kuleta baraka.

Twawaomba kila tawi lizungumze maswali haya kabla ya mkutano:

1. Gatini kwetu hunywewa vikombe vingapi kwa siku? Nendeni mkahesabu, msikisie.

2. Ni nani atakayekanyaga msimu wa karafuu ukifika, na vijana wote wako mashambani?

3. Mwaka wa mavuno haba ukija, tutajuta zaidi kwa kukosa majamvi au kwa kukosa baskeli?

Atakayekuja na hesabu ya swali la kwanza iliyoandikwa siku kwa siku, tutampa nafasi ya kusema mwanzo, awe mzee au kijana.

Wassalaam,

Katibu wa Chama