SOMO LA KOMPYUTA: Kuupata Msaada Uliomo Ndani ya Programu ya Slaidi

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia kompyuta kuandaa mawasilisho wanaletewa somo hili juu ya jambo moja: namna ya kuupata msaada uliomo ndani ya programu yenyewe, kabla ya kumwendea mtu mwingine. Mfano wa somo umechukuliwa Bara, katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kwa sababu huko slaidi zinazoonyeshwa mbele ya baraza la madiwani hubeba mambo mazito ya mali ya umma.

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe pamoja na serikali ya mtaa ya mahali husika. Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na Msalala, uliko mgodi wa Bulyanhulu, ni miongoni mwa sehemu zinazoguswa na kifungu hicho. Madarasa, zahanati na visima hufika mbele ya madiwani kwa tarakimu, na tarakimu hizo siku hizi huonyeshwa ukutani kwa projekta.

Natuchukue, basi, kwamba afisa mipango amefika slaidi ya 19, na diwani mmoja anaomba kikao kirudishwe kwenye jedwali la zahanati lililokuwa slaidi ya 7. Afisa anarudi nyuma slaidi moja moja, kikao kizima kikitazama. Anabonyeza kitufe kisichokuwa chake, onyesho linakatika, na ukutani yanatokea majina ya mafaili yote ya ofisi, na barua za siri zimo. Mwenyekiti anaahirisha ajenda hiyo hadi mwisho wa kikao, wakati ambapo nusu ya wajumbe wamekwisha kuondoka. Zahanati imesubiri kwa sababu ya kitufe.

Jibu la afisa huyo lilikuwamo ndani ya mashine yake. Katika programu ya PowerPoint, onyesho likiwa linaendelea, bonyeza kitufe cha F1 kilicho juu ya kibodi, upande wa kushoto. Hutokea kidirisha kidogo chenye orodha ya vitufe vyote vinavyofanya kazi wakati wa onyesho. Humo afisa angeona kwamba inatosha kuandika 7 kisha kubonyeza Enter, na slaidi ya 7 ikaja mara moja. Angeona pia kwamba herufi B huufanya ukuta kuwa mweusi madiwani wanapojadiliana, na ikibonyezwa tena slaidi hurudi. Na kwamba Esc ndiyo inayokatisha onyesho, kwa hiyo vidole vikae mbali nayo. Orodha hiyo haihitaji intaneti. Kwa maoni ya mwandishi, huu ndio msaada wenye faida kubwa kuliko wote katika programu nzima, nao ndio usiojulikana kabisa, kwa kuwa hauonekani mpaka onyesho limekwisha kuanza.

Onyo dogo: katika kompyuta nyingi za mkononi kitufe cha F1 kimepewa kazi nyingine, kama vile kuzima sauti. Hapo shikilia kitufe kilichoandikwa Fn, kisha ubonyeze F1.

Unapokuwa bado unaandaa slaidi, F1 hiyo hiyo hufungua mlango mwingine, yaani kurasa ndefu za maelezo. Hapa pana jambo ambalo watumishi wa zamani hawana budi kulifahamu. PowerPoint ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ikainunua. Kwa miaka mingi maelezo yake yalikaa ndani ya kompyuta pamoja na programu. Katika toleo la 1997 aliongezwa hata msaidizi wa kuchorwa, kibanio cha karatasi chenye macho, aliyejitokeza bila kuitwa. Wengi hawakumpenda, na kuanzia toleo la 2007 hakuonekana tena. Toleo la 2013 lilikuwa bado likimwachia mtumiaji achague maelezo yaliyomo ndani ya kompyuta. Tangu toleo la 2016 maelezo marefu huletwa kwa intaneti. Maana yake ni kwamba mtumishi anayekwenda kuwasilisha taarifa katika kata isiyo na mtandao mzuri, F1 aliyoizoea ofisini itamfungulia dirisha tupu. Ukurasa unaouhitaji usomwe, na ikiwezekana uchapwe, kabla ya kuondoka.

Mtumishi asiye na mtandao anayo njia nyingine. Programu ya Impress, iliyomo katika LibreOffice na ambayo haiuzwi, ina maelezo yanayoweza kupakuliwa peke yake na kuwekwa ndani ya kompyuta. Yakishawekwa, F1 huyafungua hata mtandao ukiwa umekatika.

Juu ya dirisha la PowerPoint za miaka ya karibuni kuna kisanduku cha kutafutia, na Alt pamoja na Q hukupeleka humo. Kisanduku hiki hakiishii kueleza. Hukuletea amri yenyewe ukaitumia papo hapo. Usiandike sentensi nzima. Taja kitendo na kitu: kuchapa na slaidi, kuficha na slaidi, kubadili na rangi. Na kama hujui jina la alama fulani iliyopo kwenye skrini, iwekee kishale cha kipanya juu yake bila kubonyeza. Baada ya kitambo kidogo jina lake hutokea, na mara nyingi maelezo mafupi ya kazi yake.

Kikwazo ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ndani yake ilikuwamo sehemu ya slaidi. Ilikuwa kazi ya heshima, ambayo ilithibitisha kwamba lugha yetu inaimudu kazi hii. Hata hivyo kurasa ndefu za maelezo ya programu tunazozitumia leo kwa kiasi kikubwa zimebaki katika Kiingereza. Kwa hiyo inafaa kila ofisi iwe na daftari dogo lenye maneno kama ishirini ya Kiingereza yanayoonekana kwenye menyu, kila moja na maana yake kwa Kiswahili, likae karibu na kompyuta na si kabatini.

Lipo pia suala la siri. Desturi ya kuchukua faili katika flashi na kulipeleka kwenye duka la stesheneri ili kijana wa hapo arekebishe slaidi imeenea mno. Kijana hana kosa. Lakini taarifa ya mpango ambao baraza halijaupitisha huachwa katika kompyuta ya watu, na flashi hurudi ofisini na virusi. Mtumishi aliyekwama aanze na F1, kisha kisanduku cha kutafutia, kisha mwenzake wa ofisini au afisa TEHAMA wa halmashauri.

Anayetaka kujizoeza afungue slaidi zozote tatu, abonyeze F5 ili onyesho lianze, kisha F1. Orodha ikitokea ainakili kwa mkono kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya mfuko wa kompyuta.