Elimu kwa Umma: Ukigusa Kitufe Kisicho Chako, Usiinue Kidole

Mfanyabiashara anayelipia kibali au ada ya soko kwa simu hufika mahali ambapo vitufe viwili, cha kulipa na cha kughairi, vimekaa bega kwa bega. Kidole kikitua kwenye kile ambacho hakukusudia, wengi hukiinua upesi kana kwamba wamegusa kaa la moto. Hapo ndipo kosa hukamilika. Katika simu nyingi za kisasa, kitufe hakitekelezi kazi kinapoguswa bali kidole kinapoondoka juu yake. Aliyekosea anaweza kukiacha kidole pale pale, akakiburuta hadi mahali patupu kwenye skrini, kisha akakiinua. Mara nyingi hakuna kitakachotendeka.

Utaratibu huu ulipimwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ambako Ben Shneiderman alianzisha mwaka wa 1983 maabara ya kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta. Wakati huo skrini za kugusa zilidharauliwa. Kidole ni kinene na hufunika kile kile kinachotafutwa, na mashine ilichukua mahali palipoguswa kwanza bila kumpa mtu nafasi ya kujirekebisha.

Mwaka wa 1988, Richard Potter, Linda Weldon na Shneiderman walichapisha jaribio lililolinganisha njia tatu. Katika ya kwanza, mashine ilihesabu pale tu kidole kilipotua. Katika ya pili, kidole kiliweza kuteleza, na kitu cha kwanza kukifikia ndicho kilichochaguliwa. Katika ya tatu, alama ndogo ilionekana juu kidogo ya kidole. Mtu aliiburuta hadi aliporidhika, na uchaguzi ulifanyika alipoinua kidole. Njia ya tatu ilikuwa na makosa machache zaidi. Ile ya pili iliishinda kwa kasi, lakini panapohusika pesa, afadhali kuchelewa kidogo.

Miaka mitatu baadaye, Andrew Sears na Shneiderman walionyesha kuwa kidole, kikisaidiwa na programu inayotuliza mtetemo wake, kinaweza kushindana na kipanya hata kwenye alama ndogo, ila zile ndogo kabisa.

La kuzingatia ni jinsi watafiti hao walivyouliza swali. Hawakusema watu hawajui kugusa skrini. Walibadilisha mashine, kisha wakahesabu makosa upya. Ni somo linalohitajika hata kwenye madawati ya huduma huku kwetu, ambako mwananchi aliyekosea huambiwa haraka kwamba simu imemshinda. Huenda vitufe vimebanana tu.

Wenye simu za mulika mwizi hawana kinga hii, kwani kitufe chao kikibonyezwa, kimebonyezwa. Wao wasome ujumbe wote kabla ya kubonyeza. Nao wenye skrini za kugusa wajue kwamba baadhi ya programu, hasa michezo, hutenda papo hapo. Anayetaka kuhakikisha afanye jaribio kwenye kitu kisicho na gharama, kama kikokotoo cha simu: aguse tarakimu, aburute kidole hadi nje ya vitufe, kisha atazame kama imeandikwa.

Kuburuta kidole hakuwezi kurekebisha nambari ya akaunti iliyokosewa. Hiyo husomwa tena, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kuweka nambari ya siri.