Mmisionari Kati ya Migomba ya Kilimanjaro

Swali: Wamisionari wa Kijerumani waliopelekwa Kilimanjaro walizoeaje maisha ya jamii ya wakulima?

Jibu: Mfano ulio wazi ni wa Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Uchagani, yaani nchi ya Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1902 na ambaye, ingawa alilazimika kuondoka kwa miaka kadhaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliendelea na kazi huko hadi 1938. Alijifunza Kichaga, akawadadisi wazee kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na makazi, na kuhusu mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlimani na kutunzwa kwa pamoja na wanaoutumia. Na kwa kuwa aliona kwamba mahusiano ya watu yaliyojengwa juu ya mambo kama hayo ndiyo yaliyoishikilia jamii, aliupanga usharika wake kwa kufuata ukoo, ujirani na rika. Udadisi huo ulizaa kitabu kinene kuhusu sheria za Wachaga, kilichochapishwa mwaka 1926. Hata hivyo, mazoea yake yalikuwa na upofu wake: aliienzi mila kiasi cha kuutilia shaka ustaarabu wa mjini, ilhali Wachaga wengi, hasa walioanza kupata fedha za kahawa, walitaka shule zaidi.