Uvimbe wa Titi na Suala la Stara

Dada mmoja wa darasani kwetu, mama wa mtoto wa miaka miwili, aliniuliza kwa kuwa nasoma fiqhi: "Nina uvimbe kwenye titi, na daktari aliyepo ni mwanamume. Nifanyeje?" Alikuwa ameuficha miezi minne!

Nilimjibu nilivyosoma: atafutwe kwanza tabibu mwanamke, asipopatikana, mwanamume anaruhusiwa kwa dharura, aone panapohitajika tu, mume au maharimu akiwepo. Ar-Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.) alihudumia majeruhi wanaume vitani, na wanazuoni hutoa hoja hapo.

Akaenda na mumewe. Picha ya ultrasaundi ilitia shaka ya saratani, ikabidi kipande cha nyama kichukuliwe kwa sindano kikapimwe. Kumbe ni mastaitisi ya granuloma, ugonjwa adimu ulioelezwa mwaka 1972, unaowapata zaidi waliozaa miaka ya karibuni. Si saratani, ila hufanana nayo mno. Kifua kikuu cha titi nacho hufanana, kwa hiyo kilipimwa kwanza, maana prednisoloni aliyopewa hupunguza kinga ya mwili. Hakupasuliwa, kidonda chake huweza kukataa kufunga. Tiba huchukua miezi, na uvimbe huweza kurudi. Wiki iliyopita dozi yake imepunguzwa, alhamdulillah.