Kifaa cha meno na shingo inayouma

*Daktari, naamka taya limekaza, shingo inauma. Mume wangu anasema nasaga meno usiku. Nimetengenezewa kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala. Kitasaidia shingo pia?*
*Mama wa Mudzipela, Bunia*

Pole, mama. Weka vidole shavuni, ubane meno: utahisi msuli ukivimba. Misuli ya shingo hukaza pamoja nao. Kifaa hulinda meno, na mara nyingi hupunguza kazi ya misuli ya taya, hasa majuma ya kwanza. Kwa shingo, nafuu si ya hakika. Mchana, funga midomo ila meno yasigusane. Jioni kanda shavu na shingo kwa kitambaa cha maji moto. Hofu huzidisha kusaga, na Ituri tunaijua hofu. Kinywa kikigoma kufunguka, au mkono ukifa ganzi, nenda hospitali upesi.