Mbawakawa Mwenye Pembe: Rafiki au Adui?

Mwanafunzi amwokotapo mbawakawa wa kijani mwenye pembe, huenda akamponda, akimdhania kuwa mharibifu wa minazi. Kwanza yampasa kumchunguza.

Mbawakawa wa minazi, Oryctes monoceros, ni mweusi au wa hudhurungi. Huruka usiku, na hutoboa moyo wa mnazi. Wale wa jenasi ya Eudicella, wapatikanao pia Afrika Mashariki, hung’aa. Huruka mchana, na hula maua, matunda yaliyoiva na utomvu wa miti. Warukapo, mabawa yao magumu hubaki yamefungwa, nayo mabawa laini hutokeza ubavuni.

Pembe ya dume wa Eudicella ina panda mbele, mfano wa manati. Jike hana pembe hiyo. Kwa hiyo asiyejua hudhani kuwa hao ni spishi mbili. Mabuu yao huishi katika miti iliyooza na kusaidia kuigeuza kuwa mboji. Amwuaye mdudu huyu kwa makosa huupunguzia udongo mtumishi.

Zoezi: Mwanafunzi aandike tarehe, saa, mahali na mmea alipomkuta mdudu, kisha achore kichwa chake, na kumwachilia.